Mashimo ya Mfalme Sulemani, Stoo ya Ngokolo

Mlango wa stoo yetu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Mshikio wa upande huo ulikatika zamani, pakabaki tundu la kupenyeza kidole, na kitasa kilikuwa kikijibana chenyewe upepo ukiusukuma mlango. Dawa yake ilikuwa tofali. Unaingia, unalitega tofali mlangoni, unachota mchele, unatoka. Kila mtu nyumbani alilijua tofali lile, hata kitinda mimba wangu ambaye alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Usiku wa tarehe 27 Desemba, mwaka juzi, niliingia stoo bila kulitega, mama mkwe akiwa nyuma yangu, na mlango ukajifunga. Nilikuwa nimefuata kitabu. Nilikuwa na hasira na filamu, na mwenye hasira hakumbuki tofali.

Hasira ile ilianza zamani, Mwadui, mkekani.

Baba yangu alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Jioni, akishaoga na kula, alikuwa akitusomea Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hicho ni cha Mwingereza H. Rider Haggard, aliyekitoa mwaka 1885 baada ya kuishi miaka kadhaa Afrika Kusini, na Frederick Johnson alikitia katika Kiswahili mwaka 1929. Vizazi vya wanafunzi wa Tanganyika na Kenya vilikulia humo. Sisi tulikuwa na nakala moja isiyo na jalada. Baba aliivalisha karatasi ya mfuko wa saruji na kuushona mgongo wake kwa uzi wa viatu.

Asiyekisoma nimweleze kwa ufupi. Bwana Henry Curtis amepotelewa na ndugu yake, aliyekwenda kutafuta almasi za Mfalme Sulemani asirudi. Anamwomba mwindaji mzee, Allan Quatermain, aandamane naye kumtafuta, pamoja na rafiki yake Kapteni Good mwenye meno ya bandia na kioo cha jicho moja. Anajiunga nao mtumishi mrefu, mkimya, aitwaye Umbopa. Wanavuka jangwa, wanapanda milima yenye theluji, wanaingia nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na mfalme katili, Twala, akishauriwa na kikongwe Gagula. Huko inajulikana kwamba Umbopa ndiye Ignosi, mwenye haki ya kiti kile. Najua kwamba mwandishi alikuwa mtu wa zama zake, na wageni wake wanawadanganya wenyeji kwamba wameshuka kutoka kwenye nyota. Baba hakuiruka sehemu hiyo. Aliisoma, kisha akasema Umbopa alikuwa anaujua ukweli wote na akanyamaza kwa sababu alikuwa na lake. Tangu hapo sisi watoto tulimfuata Umbopa kwa macho katika kila ukurasa, hata pale ambapo kitabu chenyewe kilikuwa kimemsahau.

Wanapofikia chumba cha hazina na masanduku ya almasi yakafunguliwa, baba alikuwa anakilaza kitabu kifuani na kutueleza ya kwetu. Kwamba John Williamson aliipata Mwadui mwaka 1940. Kwamba mwaka 1947 hapo hapo ilitoka almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, akapewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi. Halafu anakirudia kitabu: Gagula anauteremsha mlango wa jiwe, nao unamponda yeye mwenyewe chini yake, na watu watatu wanabaki ndani na utajiri usioweza kununua hata funda la maji. Hapo baba alikuwa akipuliza koroboi. Tulikaa gizani, na yeye akaendelea kwa kichwa, maana sehemu hiyo aliijua yote. Mdogo wangu alikuwa akinishika mkono mpaka kucha zinaingia. Koroboi ilikuwa haiwashwi tena mpaka Quatermain atambue kwamba hewa ya chumba kile haichoki, na kwamba kama haichoki basi kuna mahali inakoingilia.

Baba alipofariki, kitabu kilikuja kwangu Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, ndani ya sanduku la bati. Na ndani ya nyumba hii kikapata msikilizaji wake mkubwa kuliko wote, mama mkwe.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa kufuata rashi Geita. Mtu wa kanda hii haelezwi hilo. Dhahabu ikisikika imetoka porini, kabla ya wiki kuisha kuna maturubai, mama ntilie na vijana elfu. Alipiga simu mara mbili, kisha kimya cha miaka mitatu. Mama mkwe alihamia kwetu, akawa anakaa barazani akiangalia njia. Sikuwa na neno la kumpa. Nikamletea kitabu. Nilimsomea jioni kidogo kidogo, na kila tukifunga ukurasa aliniuliza jambo lilelile: "Mkamwana, yule ndugu yake wamempata?" Nikawa namwambia bado, Mama. Baba watoto naye alikuwa njiani kila alipopata likizo, Kahama, Kakola, Katoro, Rwamgasa, akionyesha picha ya mdogo wake kwa wenye maduara ya kuchimbia dhahabu na wauza chai. Alimpata Nyarugusu, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, mwili mzima mweupe kwa vumbi, akiona aibu kurudi mikono mitupu.

Juma lile lile tulifika mwisho wa kitabu. Bwana Henry anamkuta ndugu yake hai, mguu umepondeka, akiishi kwenye kibanda pembeni ya maji, katikati ya jangwa. Mama mkwe alinifanya niurudie ukurasa ule, halafu akaenda kulala bila kula.

Kwa hiyo shemeji alipokuja Krismasi ya mwaka juzi na kunipa fleshi akisema, "Shemeji, nimekuletea Sulemani wako," nyumba nzima ilielewa uzito wake. Humo mlikuwa na filamu mbili.

Ile ya 1985, iliyopigwa Zimbabwe, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone, tuliitazama tarehe 26, na sitaki kukaa nayo sana. Inakimbia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wajerumani na Mturuki wanaofukuzana na mashujaa hawamo kitabuni. Zaidi ya yote, kuna sehemu ambayo wanakijiji wa Kiafrika wanawatia Quatermain na mwenzake ndani ya chungu kikubwa kama nyumba, ili wawapike na kuwala. Watoto wa majirani walicheka, mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Haggard pamoja na makosa yake yote aliwapa Wakukuana jeshi, sheria, barabara na heshima. Miaka mia moja baadaye watu wenye kamera, mishahara na ndege waliwanyang'anya hata hayo, wakawapa chungu.

Nilitegemea ya pili, ya mwaka 1950, yenye Stewart Granger na Deborah Kerr. Niliisifia mbele za watu, kwa kuwa nilijua ilipigwa huku kwetu, Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na kwamba ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wake. Tarehe 27 jioni sebule ilijaa. Majirani wa pande zote mbili, watoto wao, fundi cherehani wa njia panda na mkewe. Nilichemsha michembe na karanga sufuria mbili, chai ya maziwa birika tatu. Mama mkwe alipewa kiti cha mbele. Kazi ya kutafsiri niliichukua mimi, nikisimama kando ya runinga kama alivyokuwa Lufufu, mfasiri wa filamu, enzi za mabanda ya video, sauti yake ikipita juu ya sauti za wachezaji hadi ukadhani wao ndio wanamfuata yeye.

Umeme ulikatika tembo wa kwanza hajaanguka. Baba watoto alikwenda kuazima jenereta kwa jirani, dogo, la petroli, akaliweka katikati ya ua, tukaendelea.

Na kwa muda mrefu nilikuwa na furaha, nasema kweli. Filamu ile haina muziki wa vinanda. Unachosikia ni ngoma na nyimbo za watu wenyewe, na wanyama. Quatermain alipowaamrisha wapagazi wake kwa Kiswahili, sebule nzima ilishangilia, na mama mkwe akanigeukia, "Kumbe kweli walikuja huku." Wanyama walipokimbia moto, maelfu, vumbi limefunga jua, hakuna aliyetafuna karanga. Umbopa alipotokea, mrefu kuliko mlango, akitembea kama mtu asiye na deni, nilimkumbuka baba hadi nikasahau kutafsiri.

Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likinikwaza toka mwanzo na nilikuwa nalipisha nikitumaini litajirekebisha. Bwana Henry Curtis hayumo safarini. Mahali pake kuna mwanamke, Elizabeth Curtis, na Good amegeuzwa kaka yake. Wanachofanya Elizabeth na Quatermain njia nzima ni kugombana, na kila mtu mzima anajua ugomvi ule unaelekea wapi. Binti yangu mkubwa akauliza, "Mama, sasa ndugu anayetafutwa ni nani?" Nikamjibu tusubiri, atapatikana mwishoni, yuko hai. Shemeji, ambaye alikuwa ameshaitazama Nyarugusu, akasema taratibu kutoka nyuma, "Anayetafutwa humu ni mume wa huyu mama. Watamkuta mifupa."

Mama mkwe aligeuka akaniangalia. "Amekufa? Si ulinisomea amepatikana?"

Wanaomjua wanaelewa kwa nini sikuweza kulivumilia swali lile. Kwake, mtu aliyepatikana kwenye kibanda pembeni ya maji na mwanawe aliyepatikana kwenye karasha walikuwa wamefungwa fundo moja. Sikukubali filamu iniite mwongo mbele yake, juu ya ndugu aliyepotea, katika chumba alimokuwa ameketi yule mwanawe aliyepotea akapatikana. Nikasema, "Mama, ngoja nikuonyeshe." Nikatoka. Naye akainuka akanifuata, maana kusubiri si tabia yake. Mvua ilikuwa imeanza. Tuliingia stoo, nikafunua sanduku la bati, upepo ukapita, kitasa kikalia.

Nilipiga kelele, nikagonga kwa viganja. Sebuleni filamu ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho ili ishinde mvua na jenereta. Simu yangu nilikuwa nimeiacha juu ya kabati la runinga. Mama mkwe alikuwa na simu yake ya kitochi. Tukampigia baba watoto, ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa simu yake ilikuwa chumbani. Tukampigia binti yangu, sauti ya mtandao ikatuambia salio halitoshi. Basi tukakaa, yeye juu ya gunia la mahindi, mimi sakafuni, na kwa tochi ile ya simu nikamfungulia ukurasa wenyewe. Nilimsomea polepole. Yuko hai, mguu umepona vibaya, kibanda, mti, maji. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Haya. Sikukosea." Kisha akaniuliza juu ya Gagula.

Nimeyafikiria sana maneno yake. Aliniambia kwamba zamani niliposoma habari za Gagula yeye hakuwa anapenda, ila hakutaka kunikatiza. Aliwajua wanawake wawili kijijini kwao waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu. "Mimi nami yalikuwa mekundu," akasema. "Kuni zilikwisha, tukapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, moshi ule ungemfanya nani awe na macho meupe?" Ni kweli, na sisi watu wa Shinyanga tunaijua aibu hiyo, mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yameutia doa mkoa wetu kwa miaka mingi. Kwa msomaji wa mbali Gagula ni kiumbe cha kubuniwa, cha kutisha watoto. Mama mkwe alikuwa anamsikia kama jirani. Sikuwa na jibu. Nimekipenda kitabu hiki maisha yangu yote, na nilikuwa simjui Gagula hadi usiku ule.

Tochi ilipungua ikawa ya manjano, ikazima. Mama mkwe akaanza kukohoa. Mimi nilikuwa na kichwa kilichokuwa kikiuma tangu muda kidogo, nikidhani ni kelele. Kilikuwa kinagonga sasa, na miguu ilikuwa mizito kama ya mwingine. Na gizani, nikiwa na kitabu mapajani, nikamsikia baba akiuliza jinsi alivyokuwa akituuliza mkekani: hewa inachoka, au haichoki?

Ilikuwa inachoka. Nilisogea hadi kwenye kidirisha cha wavu, nikaisikia ngurumo ya jenereta hapo hapo, upande wa pili wa ukuta. Mvua ilipozidi, baba watoto alikuwa amelihamisha kutoka uani akaliweka chini ya paa la nyuma lisilowe, moshi wake ukiwa umeelekea dirishani kwetu. Hakujua kama tumo. Nikachukua gunia tupu nikaliziba dirisha. Nikamlaza mama mkwe kifudifudi, pua kwenye uwazi wa chini ya mlango. Nikautafuta mchi wa kinu kwa kupapasa, nikaanza kugonga: mara tatu, nanyamaza; mara tatu, nanyamaza. Sikuwa na nguvu ya zaidi.

Sebuleni, filamu ilikuwa imefika pangoni. Shemeji huwa haitazami sehemu hiyo. Nyarugusu pia alitoka nje ya banda la video ilipofika hapo, na sasa alikuwa ametoka akasimama barazani peke yake kwenye manyunyu. Sababu tuliijua usiku ule. Aliwahi kulala usiku mmoja ndani ya duara lililokatika, yeye na wenzake wawili, mpaka walipofukuliwa asubuhi. Kwa hiyo alikuwepo mahali pa kuzisikia zile tatu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulizima jenereta. Nilisikia kimya, halafu makelele ya sebule nzima, watoto wakilia filamu yao, maana lilizimika palepale watu walipofungiwa ndani ya pango na hazina. Shemeji hakujali. Alikuja mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya kazini:

"Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na Mama."

"Hewa?"

"Mbaya."

"Kuna aliyelala?"

"Hapana."

"Msiongee tena. Mama, kaa chini."

Alikuja na mtaimbo, akauingiza kwenye fremu, mlango ukatoka na kitasa chake. Tulitolewa hadi barazani, kwenye upepo wa mvua. Mama mkwe alitapika, akapata nafuu. Asubuhi tulimpeleka zahanati, wakampima, wakaturuhusu.

Shemeji ndiye aliyenieleza tulichokuwa tukikivuta. Katika maduara kuna watu hushusha pampu za petroli chini ili kunyonya maji, na wengi wamekufa hivyo, wengine wakiwa wamekaa wameegemea matimba kama waliosinzia. Moshi unaouona unakohoa, unakimbia. Inayoua ni ile hewa nyingine inayotoka pamoja nao, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inampa mtu maumivu ya kichwa, kisha usingizi. Wewe unayesoma hapa, kama una jenereta nyumbani, liweke mbali na dirisha na mlango wowote, hata mvua ikinyesha. Bora lilowe.

Umeme haukurudi usiku ule na jenereta hakuna aliyetaka kuliwasha. Majirani hawakuondoka. Tulikaa sebuleni gizani, watu zaidi ya ishirini, mama mkwe kwenye mkeka katikati, na shemeji, ambaye katika miaka yote hakuwahi kutusimulia habari za kazi yake, akasimulia. Alieleza usiku wake wa duarani kwa sentensi chache. Muda mrefu zaidi aliwazungumzia wale wa Nyangarata, huko Kahama, waliofukiwa Oktoba 2015. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yaliyokuwa yakivuja kutoka juu. Mwenzao mmoja hakutoka. Kila mchimbaji wa kanda hii anaijua hesabu ile, arobaini na moja. Wakiteremka, wengine huitaja. Binti yangu akamwuliza walikuwa wanaongea nini siku zote hizo. Akasema hajui, lakini yeye na wenzake usiku ule mmoja walikuwa wakiulizana kila mmoja nyumbani kwao watakuwa wamepika nini.

Siku mbili baadaye niliimalizia filamu peke yangu, kwa haki yake. Gagula anawapeleka pangoni, wanaiona hazina na mifupa ya mume, wanafungiwa, wanatafuta, wanapata njia ya maji, wanatoka. Chai niliyokuwa nimeimimina pango lilipoanza ilikuwa bado ya moto walipofika nje. Kitabuni ndipo hadithi inapokaa chini. Foulata anachomwa kisu akijaribu kumzuia Gagula na kufa mikononi mwa Good, taa inakwisha, watu wazima wanalia, kisha ile fikra ya hewa, jiwe lenye pete, mashimo ya giza, mto wa chini ya ardhi, tundu la mbweha na nyota. Filamu ilikuwa na twiga, pundamilia, maporomoko ya maji na wacheza ngoma wa ajabu kabisa, na nauheshimu ufundi huo. Ilikuja hadi Tanganyika kupiga picha za kitabu kinachoitwa mashimo, ikapiga kila kitu isipokuwa shimo. Na ilimwua ndugu aliyetafutwa ili mjane apate wa kumpenda. Hilo la pili siwezi kulisamehe.

Wala sisemi kitabu kisiguswe. Amil Shivji aliifanya filamu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Naye alipunguza na kubadili mengi, lakini aliujua moyo wa kitabu ulipo na hakuuhamisha. Nawaomba vijana wetu wa filamu walitazame eneo hili. Kuna Nyangarata. Kuna akina mama wanaokaa barazani Shinyanga, Maswa na Bariadi wakiangalia njia ya Geita. Hadithi ya ndugu anayetafutwa na ya watu waliofungiwa chini haihitaji milima ya kubuni wala mfalme wa kale, na wachezaji wake wanaweza kuja na mitaimbo yao.

Binti yangu nilipomwuliza alipenda nini katika filamu ya Sulemani, alisema pale ilipozimika.

Mlango wa stoo sasa ni mpya, wa bati, unafungwa kwa komeo la nje tu. Kitabu hakipo tena kwenye sanduku. Shemeji aliniomba akiondoka, nikakifunga ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili, kikaenda Nyarugusu, ambako yuko kijana mmoja wa karasha aliyemaliza kidato cha nne na anasoma vizuri kwa sauti. Jumapili iliyopita mama mkwe alimpigia mwanawe kumwuliza wamefika wapi. Akamwambia wamefika kwenye mlango wa jiwe, na taa wamezima.